Bustani ya sanamu kwenye makumbusho: mwongozo kamili, kuanzia kigingi cha kwanza hadi kibao cha mwisho

Kila anayeniuliza kuhusu bustani ya sanamu ana malalamiko yale yale. Nyasi zimeota vizuri, maua yamechanua, halafu sanamu zinaletwa na ghafla hakuna inayoonekana. Ile ya shaba nyeusi imemezwa na ua wa michongoma, ya saruji imekuwa ndogo kuliko ilivyokuwa kwenye karakana ya mchongaji, na zilizobaki zimepangwa kando ya ukuta kama wanafunzi paredini. Baada ya misimu miwili ya mvua vitako vina madoa mekundu ya udongo na kimoja kimeinama.

Chanzo ni mpangilio wa kazi. Mtunza bustani anaanza, mchongaji anakuja mwisho. Geuza: sanamu kwanza, njia pili, mimea mwisho kabisa. Hatua zilizo hapa chini zinafaa kwa makumbusho yoyote ya Uganda, liwe lile la taifa pale Kira Road au la jamii lenye nusu ekari nyuma ya jengo.

## Andaa haya kwanza

- Ramani ya kiwanja, hata iliyochorwa kwa mkono, yenye vipimo na alama ya kaskazini
- Futikamba ya mita 30, vigingi, kamba na chokaa ya kuchorea ardhini
- Pimamaji na timazi
- Fito, magunia na kadibodi za kutengenezea sanamu za bandia
- Saruji, mchanga, kokoto, nondo na mbao za fomu
- Boliti na nati za chuma kisichoshika kutu, pamoja na washa za plastiki
- Kapi ya mnyororo, tripodi imara na mikanda ya kitambaa ya kunyanyulia
- Changarawe za mviringo za kuzungushia vitako
- Simu yenye kamera

Kwa upande wa watu, unahitaji mwashi, mchomeleaji, mtunza bustani, na mchongaji mwenyewe kama anapatikana. Sanamu ikizidi mita 2 kwa urefu au nusu tani kwa uzito, mwite mhandisi. Na kama kiwanja chenu chenyewe ni eneo la urithi, zungumzeni na idara ya makumbusho iliyo chini ya Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale kabla jembe halijagusa udongo.

## Hatua ya 1: Ijue kila sanamu kabla ya kuitafutia mahali

Fungua daftari. Kwa kila sanamu andika urefu, upana wa chini, uzito, kitu ilichotengenezwa nacho, na upande ambao mchongaji anauita uso. Upande huo usiubahatishe. Kuna sanamu zinazosomeka vizuri zaidi kwa ubavu, na mwenye kulijua hilo ni aliyeichonga.

Kisha amua ipi inaweza kulala nje. Hapa ndipo hasara kubwa huanzia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Shaba nyeusi huvumilia mvua na jua. Maadui wake ni kinyesi cha ndege na wezi wa vyuma chakavu.

Saruji hudumu kama nondo za ndani zimefunikwa vizuri. Mnara wa Uhuru uliochongwa na Gregory Maloba pale katikati ya Kampala ni wa saruji, umesimama tangu 1962. Nondo ikiwa karibu mno na uso wa nje, maji huifikia, kutu huivimbisha, na saruji hubanduka vipande. Pitisha macho na vidole kwenye kila sanamu ya saruji ukitafuta mstari mwembamba wa rangi ya kahawia. Ukiuona, itengenezwe kwanza ndipo itoke nje.

Chuma kilichochomelewa, kama kazi zinazotoka kwa mafundi wa mtaa wa Katwe, Kampala, hupendeza sana bustanini lakini huwa na mifuko inayoshika maji. Tafuta kila mahali panapotuama maji na utoboe tundu la milimita 10 upande wa chini. Omba ruhusa ya mchongaji kwanza.

Mbao ndizo zinazosumbua zaidi. Mvule uliokomaa huwapa mchwa kazi. Musizi ni mwepisi na huoza mapema ukiachwa mvuani. Lakini hata mvule ukisimamishwa juu ya udongo hunywa maji kupitia kitako. Ushauri wangu ni kwamba sanamu ya mbao yenye thamani ikae chini ya paa, kibanda kilicho wazi pande zote, au ibaki ndani. Tamaa ya kujaza bustani isikufanye utoe nje kitu ambacho hutakipata tena.

Hatua hii imekamilika ukiwa na orodha mbili: za kutoka, na za kubaki. Kama orodha ya kubaki haina kitu, huenda hujachunguza vya kutosha.

## Hatua ya 2: Kaa na kiwanja siku nzima

Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa Ulaya na Marekani, navyo hushauri uso wa sanamu utazame kusini ili upate jua. Kwetu ushauri huo ni mtego. Kampala iko karibu kabisa na ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri huegemea kaskazini. Miezi mingine huegemea kusini. Sanamu inayotazama kusini itakuwa na uso wa kivuli Juni nzima.

Kinachoaminika mwaka mzima ni mashariki na magharibi. Jua la saa 2 hadi saa 4 asubuhi hutoka ubavuni na kuchora kila mkunjo wa nguo na kila alama ya tindo. Saa 6 mchana mwanga huanguka kutoka utosini: matundu ya macho huwa meusi na pua hutupa kivuli juu ya midomo. Hakuna unachoweza kufanya kuhusu saa 6, isipokuwa kuweka mabenchi kivulini ili watu wapumzike.

Kwa hiyo jiulize wageni wenu huja lini. Makundi ya shule kwa kawaida hufika asubuhi. Basi sanamu muhimu zitazame mashariki. Mahali penye wageni wa jioni, harusi au tamasha, zitazame magharibi. Piga picha kila kona ya kiwanja saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni, uzibandike kwenye ramani.

Baada ya jua, maji. Subiri mvua kubwa. Eneo la kati la nchi lina misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Toka na mwavuli radi zikishatulia, uone maji yanapita wapi na yanatuama wapi. Chora mishale kwenye ramani. Pale panapotuama hapafai kitako.

Mwisho, inua macho juu. Mfenesi huangusha matunda ya kilo 10 na zaidi, yanayotosha kuvunja mkono wa sanamu ya saruji. Mwembe hauna tunda zito hivyo, lakini una watoto, na watoto wana mawe. Msimu wa maembe sanamu iliyo karibu hupata makovu ambayo hakuna wa kuyakiri. Na mti mkubwa wanaolala kaloli, wale korongo wenye upara wanaoijua Kampala kuliko madiwani, uachie nafasi pana. Kinyesi chao kina asidi inayochimba shaba na kuacha michirizi myeupe ambayo haiondoki tena kikamilifu.

## Hatua ya 3: Simamisha sanamu za bandia

Kila mtu huiruka hatua hii. Ndiyo inayoamua kila kitu.

Funga fito kwa urefu na upana halisi wa kila sanamu, zungushia gunia au kadibodi, uchomeke ardhini mahali unapopafikiria. Ongeza chini yake boksi la kimo cha kitako. Kisha tembea. Ingia kwa lango kama mgeni asiyejua kitu.

Umbali. Ili jicho liione sanamu nzima bila kuinua kichwa, mgeni asimame umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake. Sanamu ya mita 2 inahitaji mita 4 za nafasi wazi mbele yake, na zaidi kama inazungukwa pande zote. Ukikosa nafasi hiyo, sogeza sanamu au chagua ndogo zaidi.

Kilicho nyuma. Shaba nyeusi mbele ya majani ya kijani kizito hupotea. Ipe ukuta uliopakwa chokaa, nyasi zilizo kwenye mteremko wenye jua, au anga. Saruji ya kijivu hupendeza mbele ya majani mazito. Chuma chenye rangi ya kutu kinapatana na karibu kila aina ya kijani. Umbo lenye mikono iliyoinuliwa, kama mtoto wa ule Mnara wa Uhuru, linadai anga nyuma ya mikono. Tawi moja likipita hapo, ishara yote imeharibika.

Ujirani. Mgeni akisimama mbele ya sanamu moja, aione nyingine moja tu kwa mbali, ikimvuta. Akiziona tano kwa pamoja, atapiga picha moja ya zote na kwenda kununua soda.

Ziache hapo walau wiki moja. Angalia watu wanapita wapi, watoto wanaparamia nini, pikipiki ya kuleta vifaa inageuzia wapi. Sogeza, piga picha, sogeza tena. Utajua mmefika pale wafanyakazi wawili watakapozunguka bila kuambiwa chochote na wote wawili wakasimama mahali ulipotaka wasimame.

Ndipo upige vigingi.

## Hatua ya 4: Chora njia

Fuata nyayo zilizojitokeza katika wiki ya sanamu za bandia. Njia inayokataa nyayo za watu huishia kukanyagiwa nyasi kando yake.

Upana wa mita 1.5 unamtosha mwenye kiti cha magurudumu na mtu wa kutembea pembeni yake, mita 1.8 zinawaruhusu wenye viti wawili kupishana. Mteremko usizidi mita 1 ya kupanda kwa kila mita 12 za urefu, na ukiweza kupata 1 kwa 20 ni bora zaidi. Karibu na angalau sanamu moja kubwa, acha uwanja wa mita za mraba 30 au 40. Darasa la shule lenye watoto 60 likikosa mahali pa kusimama, litasimama kwenye maua.

Maramu iliyoshindiliwa ni rahisi lakini hutiririka mvua ikinyesha na kuchafua kila kitu kilicho chini yake. Ukiitumia, iwekee kingo za mawe na mtaro upande wa juu.

## Hatua ya 5: Jenga msingi na kitako

Msingi unafanya kazi mbili: kuzuia sanamu isizame na kuizuia isipinduke. Watu hufikiria ya kwanza tu. Lakini sanamu ya kilo 300 yenye urefu wa mita 2 itaning'iniwa na watoto wanne siku moja, hilo lichukulie kuwa hakika, na msingi ndio utakaoishikilia.

Kwa ukubwa huo, kwenye udongo mwekundu ulio imara, msingi wa mita 1.2 kwa 1.2 wenye kina cha sentimita 50 unatoa takriban kilo 1,700 za zege. Ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo na mhandisi. Udongo ukiwa wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, au kiwanja kilijazwa kifusi, usifuate vipimo hivi. Hapo mhandisi si hiari.

1. Chimba hadi upite udongo mweusi wa juu, ufike ulio imara. Shindilia sakafu ya shimo, kisha mwaga kokoto sentimita 10.
2. Weka wavu wa nondo ukiwa umeinuliwa kwa vipande vya zege, usilale chini. Nondo iliyogusa udongo ni mlango wa kutu.
3. Changanya saruji, mchanga na kokoto kwa kipimo cha 1:2:4. Msingi wa vipimo hivi utakula mifuko 5 hivi ya kilo 50. Maji yawe machache: zege linalomiminika kama uji ni dhaifu.
4. Simamisha boliti kwa kutumia ubao uliotobolewa sawasawa na matundu ya sanamu. Boliti ikihama mahali pake kwa milimita 5, utajua siku ya kunyanyua, na fundi atashauri kuipinda. Kataa.
5. Mwagilia zege kwa siku 7 mfululizo, likiwa limefunikwa kwa magunia. Nguvu yake ya usanifu huhesabiwa siku ya 28. Usipandishe sanamu nzito kabla ya hapo hata kama siku ya uzinduzi imetangazwa redioni.

Kitako cha juu kiwe na kimo kisichopungua sentimita 30. Mvua zetu hupiga ardhi kwa nguvu na kurusha tope jekundu juu. Kitako kifupi hupeleka tope hilo kwenye miguu ya sanamu. Uso wa juu uwe na mwinamo mdogo, sentimita 2 kwa mita, ili maji yasituame.

Usifunge shaba kwa boliti za chuma cha kawaida. Metali mbili tofauti zikilowa pamoja, iliyo dhaifu huliwa haraka, na hapa ni boliti. Tumia chuma kisichoshika kutu, na washa za plastiki zitenganishe metali hizo mbili. Sanamu ya mbao ivalishwe kiatu cha chuma kinachoiacha juu ya zege kwa sentimita 5, hewa ipite chini.

Sanamu ndefu ya metali juu ya kilima inaalika radi. Fundi umeme aiunganishe na ardhi kwa nguzo ya shaba, na asibahatishe urefu wake.

## Hatua ya 6: Pandisha sanamu

Fanya asubuhi, ardhi ikiwa kavu, wageni wakiwa nje ya uwanja. Nyanyua kwa mikanda ya kitambaa. Mnyororo huacha alama ambayo hakuna nta itakayoifunika. Shika kiwiliwili, kamwe si mkono wala kichwa. Mtu mmoja tu ndiye atoe amri, wengine wanyamaze.

Ikishakaa, pima kwa timazi pande mbili. Kaza nati, kisha mchomeleaji azifunge au zifunikwe kwa zege jembamba. Nati inayoonekana ni mwaliko kwa mwenye spana usiku.

Jaribio: isukume kifuani kwa nguvu zako zote. Ikicheza hata kidogo, hujamaliza.

## Hatua ya 7: Sasa panda

Hapa mtunza bustani atakuwa amekasirika kwa kusubiri. Mpe heshima yake, lakini mpe pia mipaka: aina 5 au 6 za mimea kwa bustani nzima. Bustani ya maua ya kila rangi inafaa hoteli. Kwenye makumbusho, bogenvila ya zambarau nyuma ya sanamu ya saruji hushinda sanamu, na mgeni ataondoka akikumbuka bogenvila.

Nyasi za paspalamu zinatosha kwa eneo kubwa, ila zisifike kwenye kitako. Acha mkanda wa sentimita 50 wa changarawe kukizunguka. Sababu utaiona ukipiga magoti kando ya kitako chochote cha zamani: safu ya makovu mafupi, yote kwenye kimo kimoja, yote yameinama upande mmoja. Ni fyekeo. Mfyekaji akitaka kazi safi atafyeka hadi ukingoni, na ukingo ndio sanamu. Changarawe zinamsimamisha mapema, na pia zinapunguza tope linaloruka.

Mutuba unastahili nafasi kwenye makumbusho yoyote ya Uganda, kwa sababu gome lake ndilo kitambaa cha lubugo, kazi ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2005. Lakini ni mtini, na mizizi yake husukuma zege. Upande pembezoni, mbali na msingi kuliko matawi yake yatakavyofika ukikomaa. Oluwaanyi, ambao watu wa Buganda huupanda kuonyesha mipaka, ni mzuri kwa kugawa sehemu moja na nyingine bila ukuta.

Mtu akikuletea sikadi, mmea unaofanana na mnazi mfupi, kutoka maporomoko ya Mpanga, mkatalie. Aina ile, Encephalartos whitelockii, hukua porini Uganda peke yake, na kuing'oa huko ni uharibifu hata ikipambwa vipi.

## Hatua ya 8: Vibao

Kibao kikae pembeni, kimo cha kiuno, kikiinama kidogo, na kisiingie kwenye picha. Andika jina la mchongaji, jina la kazi, mwaka, na kilichotumika. Maneno ya maelezo yasizidi 60. Lugha: Kiingereza, lugha ya eneo, na Kiswahili, ambacho katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005 ingawa kwenye vibao vyetu bado ni mgeni.

Badala ya kutundika "Usiguse" kila mahali, chagua sanamu moja imara na uandike "Gusa hii". Inawasaidia wasioona, na inawapunguzia hamu wengine.

## Hatua ya 9: Daftari la matunzo

Kila asubuhi: kinyesi cha ndege kioshwe kwa maji na kitambaa laini kabla jua halijakikausha. Hakuna sabuni ya unga, hakuna brashi ya waya.

Kila mwezi: angalia nati, matundu ya kutolea maji, vichuguu vya mchwa kwenye viatu vya sanamu za mbao, na matawi yaliyoanza kuingia mbele ya nyuso.

Mara mbili kwa mwaka, kwenye miezi mikavu ya Januari na Julai: shaba ioshwe, ikauke kabisa, ipakwe nta nyembamba na kusuguliwa. Saruji ikaguliwe nyufa. Piga picha kutoka mahali pale pale kila mara, maana mwinamo wa polepole hauonekani kwa macho ya anayepita hapo kila siku.

Jambo moja liandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hilo: hakuna anayepaka sanamu rangi bila idhini ya mchongaji au warithi wake. Sheria ya hakimiliki ya 2006 inampa msanii haki juu ya heshima ya kazi yake, na rangi ya mafuta inayong'aa huziba alama za tindo kwa namna ambayo kuibandua kunagharimu kuliko sanamu yenyewe. Hatari huwa kubwa wiki moja kabla ya ziara ya waziri, wakati kila kitu kinapakwa. Wapeni mafundi rangi lango na kingo za njia.